Leveli Zimeisha, Ligi Imeanza

Ukivuka leveli ya mwisho ya Royal Match, mchezo wa simu wa kupanga na kulipua vipande vya rangi, mchezo haukuagi. Kitufe kilichokuwa na namba ya leveli kinabadilika na mbele yako linafunguka jedwali la Royal League: majina ya watu usiowajua, saa inayohesabu kurudi nyuma, na leveli za ziada zisizokwisha. Ukizimaliza za Toon Blast, mchezo mwingine wa aina hiyo, unakutana na Legends Arena, mambo yaleyale kwa rangi nyingine. Wengi hudhani hii ni zawadi ya kuhitimu. Mimi naiona kama ukumbi wa kusubiria, na anayeingia bila kujua anasubiri nini hutoka mikono mitupu siku ileile leveli mpya zinapofunguliwa.

Mchezaji wa bao la Kiswahili ataelewa haraka. Kete 22 za ghalani zikiisha, namua (awamu ya kuingiza kete ubaoni) imekwisha na mtaji (kucheza na zilizomo tu) unaanza. Ubao ni uleule na mashimo ni yaleyale, lakini anayeendelea kucheza kana kwamba bado ana kete za kunamua hafiki mbali. Leveli za kawaida unazicheza ili uvuke. Ukishindwa leo, kesho utaikuta palepale. Kwenye ligi leveli moja moja haina maana. Kinachohesabiwa ni ngapi umevuka kabla saa haijafika sifuri, na wenzako wa kundi wamevuka ngapi.

Sababu ya kuwepo kwa ligi ni hesabu nyepesi. Michezo hii hutoa leveli kwa mafungu. Candy Crush Saga, iliyoanza mwaka 2012, kwa miaka mingi imekuwa ikitoa leveli 45 kwa wiki, na mwaka 2023 ilifikisha leveli 15,000. Royal Match hutoa fungu lake kila baada ya wiki mbili hivi. Chukua fungu la leveli 100. Tuseme unashinda jaribio moja kati ya mawili, na kila jaribio linakula dakika mbili na nusu. Hayo ni majaribio 200, dakika 500, saa nane na ushei. Anayecheza saa mbili kwa siku atamaliza siku ya tano. Zinabaki siku tisa ambazo mchezaji mwaminifu kuliko wote, yule aliyefika mwisho, hana la kufanya, na mtu asiye na la kufanya kwenye simu hufungua programu ya pembeni. Ligi imewekwa kuziba pengo la siku hizo tisa. Hakuna timu ya watengenezaji inayoweza kubuni leveli kwa kasi anayozimaliza mtu wa aina hii, kwa hiyo wanamgombanisha na watu wa aina yake.

Wala si ajabu kwamba ukumbi wa Royal Match na ule wa Toon Blast vinafanana. Toon Blast ni ya Peak, kampuni ya Istanbul iliyonunuliwa na Zynga, kampuni ya michezo ya Marekani, mwaka 2020 kwa dola bilioni 1.8. Royal Match, iliyotoka 2021, ni ya Dream Games, kampuni ya jiji hilohilo iliyoanzishwa 2019 na watu waliotoka Peak. Mapishi ni ya jiko moja.

Kabla ya kugusa leveli ya kwanza ya ziada, bonyeza alama ya maelezo kwenye ukurasa wa ligi usome sheria. Watengenezaji hubadilisha sheria hizi mara kwa mara, na zawadi za mwezi uliopita si lazima ziwe za mwezi huu. Unatafuta majibu ya maswali manne tu. Nafasi ngapi za juu zinapata zawadi? Zawadi ya nafasi ya mwisho inayolipwa ni nini? Kila leveli inatoa pointi sawa, au leveli ngumu inatoa zaidi? Na ligi inafungwa lini? Swali la pili ndilo watu hawaliulizi. Kila mtu anatazama zawadi ya namba moja, wakati tofauti ya jasho kati ya namba moja na namba tano inaweza kuwa saa kumi za kucheza, na tofauti ya zawadi ikawa kiasi cha kununua mizunguko (hatua za kuchezea leveli) mitano ya ziada mara mbili.

Kuhusu saa: usitafute ligi inafungwa saa ngapi kwa saa za Marekani au za nani. Soma ile saa inayorudi nyuma uigeuze kuwa saa yako. Ikionyesha saa nne zimebaki, na kwako ni saa tatu usiku, mwisho ni saa saba usiku. Andika mahali. Uturuki iliacha kubadili saa za kiangazi mwaka 2016, tangu hapo saa za Istanbul ni zilezile za Nairobi na Dar es Salaam mwaka mzima, kwa hiyo tukio lililopangwa kwa saa za huko halitakuhamia-hamia kila msimu. Ukiwa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi uko nyuma kwa saa moja, na ukiwa Muscat uko mbele kwa saa moja. Kama unashindana na ndugu aliye Ulaya, yeye ndiye atakayechanganyikiwa Machi na Oktoba.

Muda wa kuingia

Hapa ndipo wengi hupoteza ligi kabla haijaanza. Hushindani na dunia nzima. Unawekwa kwenye kundi. Mahali makundi yanapojazwa kwa zamu ya kuingia, wanaobonyeza ndani ya dakika za kwanza ndio waliokuwa wamekesha wakisubiri. Hao wana mioyo (nafasi za kujaribu leveli) isiyokwisha ya saa kadhaa iliyowekwa akiba, wana busta (vifaa vya msaada) za kumwaga, na wamejipanga. Ukiingia nao unakaa na wenye njaa kuliko wote. Anayechelewa saa sita au hata siku moja hukutana na waliochelewa kama yeye. Unapoteza muda, lakini na wao wameupoteza.

Ujanja huu una mpaka wake. Kwanza, baadhi ya mashindano hukuingiza kundini mara tu unapovuka leveli ya mwisho ya kawaida, bila kukuuliza. Ikiwa ndivyo, kinachoamua muda wako wa kuingia ni ile leveli ya mwisho yenyewe: iache. Ibakize moja bila kuivuka, ukalale, uivuke siku uliyoichagua. Pili, ukichelewa mno unaweza kukuta kundi limeshajaa watu wenye pointi 60 wakati wewe una sifuri, ambapo umechelewa bila faida. Ukikuta hivyo, tazama pointi za nafasi ya mwisho inayolipwa, si za kinara. Ikiwa bado siku mbili na pengo ni leveli 40, linazibika. Ikiwa bado saa tano, funga programu ukafanye mambo mengine. Hasara yako ni sifuri, na wengi kwenye hilo jedwali hawawezi kusema hivyo.

Na kama jirani yako kwenye msimamo ni mtu au ni programu inayojiendesha, mjadala ambao hauishi kati ya wachezaji, kwenye uamuzi wako haibadilishi kitu. Unatazama pengo na saa.

Mioyo si tatizo, muda ndio tatizo

Royal Match, kama Candy Crush, inakupa mioyo mitano, na ukipoteza mmoja unarudi baada ya nusu saa. Hiyo ni mioyo 48 kwa siku nzima. Unapolala saa nane, mitano inajaa ndani ya saa mbili na nusu, na saa tano na nusu zilizobaki zinapita bure: mioyo 11 imemwagika. Inabaki 37. Moyo hutoka ukishindwa tu, si ukishinda. Anayeshinda nusu ya majaribio yake atapata ushindi 37 kwa mioyo hiyo, majaribio 74, zaidi ya saa tatu za kucheza. Anayeshinda majaribio mawili kati ya matatu atapata ushindi 74 kwa mioyo ileile, majaribio 111, saa nne na nusu na ushei.

Kwa mtu mwenye kazi au masomo, saa nne na nusu hazipo. Kumbe mioyo inamtosha. Kinachomkwamisha ni dakika, na wakati mwingine ni mpangilio: ana saa moja na nusu mfululizo jioni, mioyo mitano inaisha ndani ya dakika 25, anabaki anaitazama skrini. Dawa ya hilo ni mioyo isiyokwisha ya muda maalumu, ile unayoshinda kwenye masanduku na mashindano madogo. Kosa la kawaida ni kuipokea pale inapotokea. Zawadi nyingine haianzi kuhesabu mpaka ubonyeze kuipokea. Ziache kwenye kisanduku kama kiporo, mradi zisiwe na tarehe ya kuisha. Halafu zifungue zikiwa mbili tatu kwa pamoja siku ambayo una muda wa kukaa. Dakika 30 za mioyo isiyokwisha ukiwa kwenye foleni ya benki hazina faida, maana jina lako litaitwa ukiwa katikati ya leveli.

Kwa kuwa dakika ndiyo mtaji, zibane. Ukishamaliza malengo ya leveli, mizunguko iliyobaki hugeuka milipuko na sarafu, na onyesho hilo linaweza kula sekunde kumi. Gusa skrini, michezo mingi hulikatisha na sarafu zako zinaingia zote. Sekunde kumi mara leveli 70 ni karibu dakika 12, yaani majaribio manne au matano zaidi. Zima arifa. Weka simu kwenye chaji kabla, maana betri ikishuka simu nyingi hujipunguzia kasi na vipande vinaanza kuanguka kwa kusitasita.

Mfululizo wa ushindi

Kama kuna kitu kimoja cha kukilinda kwenye ligi, ni mfululizo wako wa ushindi. Kwenye Royal Match zawadi ya mtumishi hupanda hatua kwa hatua, hadi tatu, kadiri unavyoshinda bila kuanguka, na kila leveli unaianza ukiwa na vitu vya kulipua vimeshawekwa ubaoni. Ukishindwa mara moja unarudi sifuri. Watu wanajua hili lakini hawajui lina bei gani, kwa hiyo ama wanalilinda kwa gharama ya kipumbavu ama wanaliachia kirahisi.

Tulipigie hesabu. Tuseme ukiwa na zawadi kamili unashinda majaribio 8 kati ya 10. Ukiwa huna kitu unashinda 5 kati ya 10, ukiwa hatua ya kwanza 6, ya pili 7. Ukianguka kutoka juu, kupanda tena moja kwa moja kunahitaji ushinde mara tatu bila kukosa: 0.5 mara 0.6 mara 0.7, yaani 0.21, bahati moja kati ya tano. Mara nyingi utapanda, utaanguka, utapanda. Kwa wastani itakuchukua majaribio nane au tisa kurudi kileleni, dakika ishirini na moja hivi, na humo utakuwa umepoteza karibu mioyo minne. Ukilinganisha na mtu ambaye katika majaribio hayohayo anacheza na zawadi kamili, umeachwa kwa pointi kama mbili.

Sasa mbele yako kuna dirisha: mizunguko mitano zaidi kwa sarafu 900. Kinachouzwa hapo ni pointi mbili na mioyo minne, pamoja na ushindi wa leveli yenyewe. Je, kinafaa sarafu 900? Inategemea pointi mbili zinakusogeza wapi. Ikiwa uko nafasi ya 4 na wa tatu anakuzidi kwa pointi moja, saa mbili kabla ya mwisho, kinafaa sana. Ikiwa uko nafasi ya 17 na ligi ina siku tano mbele, hizo ni sarafu zimetupwa, maana siku tano zina nafasi chungu nzima ya kurudisha pointi mbili bila kulipa.

Na hata pale inapofaa, kuna sharti: usinunue mpaka uweze kunyooshea kidole njia ya kumalizia. Vimebaki vizuizi viwili, propela iko pale, roketi iko pembeni yake (vyote vya kulipua), mizunguko miwili imetosha: nunua. Vimebaki vizuizi vinane vilivyotawanyika na ubao hauna kitu, ila unahisi kitatokea: kubali umefungwa. Ukinunua ukashindwa tena, dirisha linarudi na bei kubwa zaidi, na hapo ndipo mtu anajikuta amelipa mara tatu kwa leveli isiyompandishia hata namba.

Mikono juu ya ubao

Leveli za ziada hazihitaji ujuzi mpya, lakini zinaadhibu mazoea ya polepole. Kwenye Toon Blast unagusa vipande vya rangi moja vilivyoshikana. Vitano hutoa roketi, saba hutoa bomu, tisa hutoa mpira wa disko. Vipande vyenyewe huonyesha alama kabla hujavigusa, kwa hiyo huna haja ya kuhesabu. Jicho litafute alama. Kitu kinachosahaulika ni kwamba kipya kinazaliwa pale kidole kilipogusa. Kundi la vipande tisa linaweza kuwa na upana wa safu nne. Ukigusa cha kushoto kabisa, mpira wa disko unatokea kushoto. Roketi yako ikiwa kulia, umetengeneza mali mbili zisizofikiana, maana vipande hushuka chini tu, haviendi pembeni. Ukigusa cha kulia, zinakaa bega kwa bega: mguso unaofuata, kila kipande cha rangi moja kinageuka roketi na nusu ya ubao inaondoka. Sekunde moja ya kuangalia wapi pa kugusa imekupatia muungano huo.

Royal Match ni ya kubadilishana nafasi. Vinne kwenye mstari ni roketi, mraba wa viwili kwa viwili ni propela, vitano kwa umbo la L au T ni baruti, vitano kwenye mstari ulionyooka ni mpira wa mwanga. Kwa ligi, propela ndiyo ninayoipenda, ingawa wengi huidharau kwa kuwa haina kishindo. Inaruka yenyewe kwenda kwenye kitu kinachohitajika, na ukiiunganisha na baruti au roketi inambeba mwenzake hadi huko. Leveli nyingi zinashindikana kwa kizuizi kimoja kilichojificha pembeni ambako roketi haipiti, na propela inajua njia. Mpira wa mwanga utunze uungane na kitu. Ukiupiga peke yake unafuta rangi moja tu. Ukiuunganisha na roketi unapata ubao mzima wa roketi, na miwili ikikutana inasafisha kila kitu.

Anza chini pale ambapo hakuna kizuizi cha juu kinachozuia vipande kushuka. Kulipua chini kunatikisa safu nzima na huleta milipuko ya bure. Kulipua juu kunatikisa mistari miwili. Lakini vizuizi vikiwa vimeziba mdomo wa juu, fungua mdomo kwanza, hata kama ni mizunguko mitano ya kuchosha, kwa sababu hakuna kitakachotokea chini mpaka vipande vipya viingie.

Busta za mkononi kwenye Royal Match zina kazi tofauti na huchanganywa: mshale unafagia mstari wa mlalo, mzinga unafagia safu ya wima, nyundo inapiga kimoja, kofia inachanganya ubao. Kwenye ligi zitumie mwisho wa leveli tu, kuokoa mfululizo, na tumia nyundo kabla ya kufikiria sarafu. Nyundo moja kwa kizuizi kimoja kilichobaki ni nafuu kuliko mizunguko mitano.

Akiba ya nani?

Hapa kuna jambo ambalo ukurasa wa ligi hauwezi kukuambia. Ligi inaelekea ukingoni pale leveli mpya zinapokaribia. Kila nyundo, kila sarafu, kila dakika ya mioyo isiyokwisha uliyotumia kwenye leveli za ziada ni ile ambayo ungeanza nayo fungu jipya. Aliyemaliza wa 30 baada ya kumwaga akiba yote anaingia leveli mpya akiwa mtupu, anakwama kwenye leveli ngumu ya mwanzoni, anamaliza fungu siku ya tisa badala ya siku ya tano, na ligi inayofuata anaanza akiwa tayari nyuma. Aliyekaa nje ya ligi moja kwa makusudi anaingia na ghala limejaa. 

Kwa hiyo weka dari kabla hujaanza. Chukua zawadi ya nafasi unayoweza kuifikia kwa kweli, tuseme ina sarafu 5,000. Ukinunua mizunguko mara sita umeshatumia 5,400, na ushindi wako umekuwa hasara ya 400. Dari la nusu ya zawadi linatosha: mara mbili, basi. Ligi za kwanza mbili usinunue chochote, zitumie kujua kasi yako ni leveli ngapi kwa saa. Ukishajua ni 16, na anayeshika nafasi ya mwisho inayolipwa yuko mbele kwa 50, unajua ni saa tatu na kitu za kucheza ikiwa yeye amelala, na huwezi kudanganywa na matumaini.

Pesa halisi ni habari nyingine. Kenya unaweza kulipia Google Play kwa M-Pesa, na urahisi huo saa sita na nusu usiku, ukiwa nyuma kwa pointi mbili, si rafiki. Kwenye mipangilio ya Play Store washa sharti la kuthibitisha kila ununuzi. Si kwa ajili ya mtoto anayechezea simu tu.

Yanayoharibika

Mtandao ndio unaongoza. Royal Match na Toon Blast zinachezeka bila data, na watu wengi huzima data ili bando lisiishe. Leveli unazovuka hivyo zinabaki kwenye simu mpaka iunganishwe. Ukivuka 20 bila mtandao na ukawasha data baada ya ligi kufungwa, usitegemee zihesabiwe. Washa angalau kila baada ya leveli kumi, na nusu saa ya mwisho iache imewaka. Msimamo unaouona bila mtandao ni wa zamani: unadhani uko wa tatu, kumbe umeshuka hadi wa tisa tangu adhuhuri.

Simu inapoita katikati ya leveli, tatizo si simu yenyewe. Tatizo ni simu yenye kumbukumbu ndogo kuifunga programu wakati unazungumza. Ukirudi, leveli imehesabiwa umeshindwa, moyo umeondoka na mfululizo pia. Funga programu nyingine zote kabla ya kuanza, na kwa saa ya mwisho weka hali ya usisumbuliwe. Michezo mingine hukuruhusu kutoka kwenye leveli bila hasara kabla hujafanya mzunguko wa kwanza. Jaribu hilo siku isiyo na ligi, wakati huna mfululizo wa kupoteza.

Usichezee saa ya simu kuharakisha mioyo. Ligi inasoma saa ya seva, na simu iliyopotoka saa inaweza kukataa kuunganishwa pale unapoihitaji. Programu zilizochakachuliwa zenye sarafu zisizokwisha zinafungisha akaunti, na ukifika mwisho wa maelfu ya leveli una mengi ya kupoteza. Ndiyo maana pia akaunti iunganishwe na barua pepe au huduma ambayo mchezo unaikubali kabla simu haijaanguka kwenye ndoo, si baada.

Saa ya mwisho ina tabia yake. Msimamo uliotulia siku nzima unaanza kuruka, kwa sababu wenye kiporo walikuwa wanangoja usiku ili wasikuamshe mapema. Ukiwa nafasi ya 3 na pengo la pointi tano chini yako, hujaokoka. Kwa mioyo isiyokwisha na mfululizo kamili mtu anavuka leveli tano ndani ya robo saa. Kaa na pengo la pointi 15 au zaidi, au kaa macho. Na kama wewe ndiye unayewinda, usianze dakika 20 kabla. Anza dakika 50 kabla, maana leveli moja ngumu inaweza kukushika robo saa nzima, na leveli uliyoimalizia sekunde kumi baada ya sifuri haina mwenyewe.

Baada ya kufungwa, fungua mchezo ukiwa na mtandao upokee zawadi yako, na sasisha programu kwenye Wi-Fi kabla ya kugusa leveli mpya. Lakini soma kilicho ndani ya sanduku kwanza. Kama kina saa mbili za mioyo isiyokwisha na uko kwenye daladala, betri asilimia sita, usilifungue mpaka ufike nyumbani.